Kompyuta ya Akina Mama wa Rumonge

Ninyi wanafunzi mlio bado shuleni, nimeomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili niwasimulieni jambo lililonipata katika likizo kubwa ya mwaka 2023, nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi. Si habari ya ushujaa. Ni habari ya kosa langu mwenyewe, nami naiandika kwa kuwa najua ya kwamba wengi wenu mwarudi nyumbani na elimu kidogo ya kompyuta, na watu wa nyumbani huwatazama kama mafundi wakubwa.

Kwetu ni Rumonge, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika nchi ya Burundi. Ukitoka Bujumbura waenda kusini mwendo wa kilomita zipatazo 75, ziwa likiwa mkono wako wa kuume na milima mkono wa kushoto. Njiani, pale Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Ukikaribia Rumonge utaujua mji kwa pua kabla ya kuuona kwa macho, maana kuna harufu ya mawese, kwa kuwa michikichi imeenea kila upande, na kuna harufu ya ndagala walioanikwa juani. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi huwaka ziwani, nawe mgeni utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Watu husema Kirundi, na Kiswahili nacho kimekaa sana huko, hasa sokoni na mwaloni.

Basi Mama Mkubwa wangu, yaani dada yake mama, alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama 24 wauzao mawese na ndagala. Kila juma kila mmoja alitoa faranga 2,000, na aliyekuwa na shida alikopeshwa bila riba. Mwisho wa mwaka kila mtu alirudishiwa fedha zake, zikawa karo ya mtoto au mabati ya nyumba. Zamani hesabu zao ziliandikwa katika daftari. Lakini tangu mwaka 2020 ziwa lilianza kupanda, na mwaka uliofuata maji yaliingia ndani ya nyumba ya Mama Mkubwa usiku, daftari likalowa, wino ukayeyuka. Kwa bahati hesabu za mwaka ule zilikuwa chache, wakazipatanisha. Ndugu mmoja wa Bujumbura aliposikia aliwapa kompyuta kuukuu iliyokuwa imeachwa katika ofisi. Binti yake Mama Mkubwa, ambaye kwangu ni dada, alijifunza kupiga chapa, akawa anaandika kila Ijumaa. Tangu hapo hawakununua daftari tena.

Kompyuta ile ilikuwa ya biti 32, yenye diski ya gigabaiti 40 na kumbukumbu ya megabaiti 512. Huenda wengine wenu mtauliza, je, kumbukumbu na diski si kitu kimoja? La, si kimoja. Diski ni kama ghala, ambamo vitu hukaa hata taa ikizimwa. Kumbukumbu ni kama meza ya kazi, na kila unachotaka kukishughulikia sharti kitolewe ghalani kiwekwe mezani. Na umeme ukikatika, vilivyo mezani hupotea. Meza ikiwa ndogo, mfumo endeshi hulazimika kurudisha vitu vingine ghalani ili kupata nafasi, kisha kuvileta tena vinapotakiwa. Na kwa kuwa njia ya kwenda ghalani ni ndefu, kazi yote hukwama. Ni kama mtu mwenye mtumbwi mdogo anayetaka kubeba shehena ya meli, atakwenda na kurudi mpaka kuche.

Nilipofika likizo niliikuta kompyuta ina Windows XP, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Ilijaa virusi, ukichomeka flashi, mafaili yote yaligeuka majina yasiyofunguka. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, wewe umesoma. Hebu itazame."

Wenzangu, maneno yale mawili, "umesoma" na "itazame", yalinilevya. Rafiki yangu mmoja alikuwa na DVD ya Windows 7. Sikuuliza chombo kile chahitaji nini. Kumbe watengenezaji waliandika wazi ya kuwa mfumo ule wataka gigabaiti 1 ya kumbukumbu kwa uchache, nasi tulikuwa na nusu yake. Tena ule nao ulikuwa umekwisha kuachwa bila huduma tangu tarehe 14 Januari 2020. Yote hayo yaliandikwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuyasoma, lakini sikuyatafuta.

Kabla sijaanza, dada aliniuliza, "Na hesabu za akina mama?"

Nikamjibu, "Usiwe na shaka, ziko D."

Likizo iliyotangulia nilikuwa nimeona katika kompyuta ile herufi C na herufi D, nami nikajua kuwa mtu mwerevu huweka mambo yake D ili C ikifutwa yasalimike. Sikufungua kuangalia. Nilifuta diski nzima sehemu ya C kwa mkono wangu, nikaanza kuweka mfumo mpya. Kumbe ile D ilikuwa flashi ya mtu iliyochomekwa siku ile, naye alikwisha kwenda zake nayo. Hesabu zilikuwa C.

Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Hata ilipofika saa tisa alasiri mfumo ukawaka. Rangi zilikuwa nzuri, na watoto wa jirani wakapiga makofi. Lakini nilipobonyeza kitu, taa ya diski iliwaka bila kuzimika na diski ikawa inakereza kama mchwa ndani ya boriti. Kufungua ukurasa mmoja tu ningeweza kwenda kisimani na kurudi. Hilo halikunisumbua sana. Nililosumbuka nalo ni kuitafuta D, maana haikuwako.

Nilikaa mbele ya kioo kile mpaka magharibi, nikifungua na kufunga, kana kwamba kitu kisichokuwako kitatokea kwa kutazamwa. Sikula usiku ule. Mama Mkubwa alidhani nimeshikwa na homa, akanikandia maji.

Asubuhi nilichukua kompyuta kwa baiskeli nikaenda kwa fundi wa simu na kompyuta karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimweleza yote, naye akaniuliza swali moja tu: "Ulifuta tu, au ulifuta ukaandika juu yake?"

Nikasema, "Niliandika juu yake."

Akatikisa kichwa. Alinifundisha jambo ambalo sikulijua, nami nawapeni ninyi bure. Ukifuta faili, kwa kawaida kompyuta haifuti maneno yenyewe. Inafuta tu katika orodha jina la faili na mahali lilipo, kama mtu anayerarua ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu. Kwa hiyo, ukikosea ukafuta, acha mara moja kuitumia diski ile, na kuna programu ziwezazo kuyatafuta maneno yale. Lakini ukiandika kitu kipya juu yake, ni kama kupanda mihogo mahali pa kaburi lisilo na alama. Mimi nilikuwa nimeandika gigabaiti nyingi. Fundi alijaribu siku nzima, akapata picha mbili za arusi na kipande cha barua. Hesabu hakuziona.

Basi nikarudi nyumbani kumwambia Mama Mkubwa. Nilipiga magoti. Nilitazamia anipige au alie, lakini hakufanya hata moja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, Ijumaa utawaambia mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Siku ya Ijumaa akina mama walikusanyika chini ya mwembe, nikasimama mbele yao. Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizopata kutoa, nayo ndiyo iliyonitoa jasho jingi. Walipofahamu, wengine walipiga kelele, na mmoja akasema afadhali maji ya ziwa, maana maji hayajisifu kuwa yamesoma.

Ndipo mwenyekiti wao akawanyamazisha, akasema, "Mashine haina kumbukumbu. Sisi je?"

Wakaanza. Kwa siku tatu, jioni baada ya jioni, walikaa mikekani wakazisoma hesabu za majuma 30 kwa kichwa, nami niliandika katika daftari jipya. Hawakukumbuka kwa tarehe, walikumbuka kwa mambo yaliyotokea. "Juma lile nilipouza madumu mawili ya mawese kwa mgeni wa Makamba, nilitoa." "Juma alilofiwa mama fulani sikutoa, mnajua wote." "Mwezi ule ndagala walipokosekana nilikopa faranga 40,000, nikalipa nusu." Mmoja akisema, wawili walimshuhudia au walimsahihisha. Mimi niliyezoea kuona akili ni kitu cha darasani niliinamisha kichwa nikaandika.

Mwisho tulijumlisha. Kama wote 24 wangetoa bila kukosa, ingekuwa faranga 1,440,000. Michango iliyokubaliwa kuwa haikutolewa ilikuwa 12, yaani faranga 24,000. Kwa hiyo ilipasa ziwe faranga 1,416,000. Tulihesabu sanduku, tukakuta faranga 520,000. Mikopo iliyokuwa nje, kwa kukiri kwao waliokopa, ilikuwa faranga 884,000. Jumla yake ni 1,404,000. Zilipungua faranga 12,000, ambayo ni michango sita.

Palikuwa na bibi mmoja mjane, mkubwa kwa umri kuliko wote, ambaye aliugua miguu majuma sita mfululizo. Alisema kuwa katika majuma yale alimtuma mjukuu wake kuleta fedha. Mjukuu alikwisha kwenda Tanzania kwa wazazi wake. Dada hakukumbuka kwa hakika. Alisema huandika kila aletewacho na kusahau, kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyokumbuka. Wengine hawakumwona mjukuu. Hakuna aliyemwita bibi mwongo, lakini walinyamaza, na kunyamaza kwao kulisikika.

Huenda bibi alitoa, na kosa likawa kwingine. Huenda mjukuu alizila njiani. Huenda bibi alisahau. Ukweli ulikuwa umeandikwa, mstari mmoja katika faili moja, nami niliufuta ili niwaonyeshe watoto rangi nzuri.

Nilisema mbele yao kuwa faranga 12,000 nitazilipa mimi. Nilifanya kazi mwaloni, nikabeba masanduku ya ndagala alfajiri wavuvi waliporudi, na mchana nikabeba mikungu ya michikichi. Nilipotimiza fedha nilimpelekea bibi nyumbani kwake ili azitie sandukuni kwa mkono wake. Alizipokea, akazihesabu, akaniambia, "Asante, mjukuu wangu. Fedha umeilipa. Lakini mimi nilisema nimetoa. Sasa nitahesabiwa nimetoa kwa sababu umenilipia." Sikupata jibu, na mpaka leo sina.

Hata hivyo kompyuta ilikuwa bado inataka kutengenezwa, na safari hii nilikwenda kwa fundi kujifunza kwanza. Aliniambia kuwa kuna mifumo itolewayo bure, iliyojengwa juu ya Linux, ambayo kijana wa Kifini, Linus Torvalds, aliianza mwaka 1991 kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 4 tu. Nikacheka. Akasema, "Mbona wacheka? Mwaka 1969 watu walifika mwezini na kompyuta ambayo kumbukumbu yake haingetosha kuweka picha moja ya simu yako. Udogo si aibu. Aibu ni kupakia bila kupima."

Nilimtajia Ubuntu, kwa kuwa jina lile lilinivutia. Kwetu katika Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu. Akasema jina ni zuri, lakini mfumo ule siku hizi wataka gigabaiti 4, tena haukutengenezwa tena kwa kompyuta za biti 32 kama yetu. Tuchague kwa kipimo cha chombo, si kwa uzuri wa jina. Tukachagua antiX, mfumo mwepesi uliojengwa juu ya Debian, ambao hutengenezwa kwa kuzifikiria kompyuta za zamani.

Jambo lililonipendeza ni kuwa mfumo ule waweza kuwashwa kutoka katika DVD bila kuigusa diski. Waujaribu, waona kama kioo, kibodi na kipanya vyatii, na usiporidhika wazima, na kompyuta yabaki kama ilivyokuwa. Tuliujaribu saa nzima. Fundi alinionyesha amri ndogo iitwayo free, ionyeshayo kumbukumbu imetumika kiasi gani. Mfumo ulipokwisha kuwaka ulikuwa umetumia megabaiti zipatazo 130, na nafasi kubwa ya meza ilikuwa tupu. Ndipo alipokubali tuuweke ndani.

Aliigawa diski sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ya mfumo. Ya pili ni ya mafaili ya akina mama peke yake, ili siku mfumo utakapofutwa wao wasiguswe; hiyo ndiyo ile D niliyoiota. Ya tatu, gigabaiti 1, ni mahali pa kuwekea vitu meza inapojaa. Alisema kuwa ipo na mbinu nyingine ya kuvibana vitu humo humo kwenye kumbukumbu, kama sisi tunavyowakausha ndagala wa kapu zima wakaenea katika mfuko mmoja. Lakini kichakataji chetu kilikuwa kizee, tusikichoshe. Badala ya programu kubwa ya majedwali aliweka ndogo iitwayo Gnumeric. Alimkataza dada kufungua mambo mawili kwa wakati mmoja. "Andika, hifadhi, funga," alimwambia, na dada akayaandika maneno yale ukutani kwa mkaa.

Kazi yote ilichukua chini ya saa mbili. Kompyuta ile kuukuu ikafungua jedwali kabla maji ya chai hayajachemka.

Lakini akina mama hawakuiamini tena, nao walikuwa na haki. Mwenyekiti alitoa amri tatu. Kwanza, daftari la karatasi lirudi, na liandikwe kabla ya kompyuta. Pili, kila Ijumaa nakala iwekwe katika flashi, na flashi ikae kwa mwenyekiti, si katika nyumba yenye kompyuta. Tatu, mistari yote isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla hawajatawanyika. Bibi ndiye aliyeleta hiyo ya tatu. Mstari wake ulipofikiwa, alimwinua mkono msomaji akasema, "Rudia," na msomaji akarudia.

Likizo ilikwisha nikarudi shuleni. Mwaka 2024 mvua zilizidi, na ziwa likapanda mno. Majumba mengi ya ukingoni, kwetu Rumonge na huko Gatumba, yaliingia maji. Dada alinipigia simu. Maji yalikuwa yameingia ndani usiku kama mwaka ule wa kwanza, na kompyuta ilikuwa chini mezani, ikalowa na kufa. Moyo wangu ulishtuka.

Nikauliza, "Na hesabu?"

Akasema, "Mama alitoka na daftari kichwani, limefungwa katika nailoni. Flashi iko kwa mwenyekiti mlimani. Tena leo ni Ijumaa, tumekwisha kusoma."

Ndugu zangu wanafunzi, sina mengi ya kuongeza. Mtu wa nyumbani akikuambia "itazame", anza kwa kuitazama kweli. Pima chombo kabla ya kupakia. Fanya nakala, uifungue kwa macho yako uone kama imo. Na usiseme "usiwe na shaka" juu ya jambo ambalo hujalikagua, maana atakayelipa shaka ile huenda asiwe wewe.

Mimi sasa nimekwisha maliza shule, na mara nyingi watu huniletea kompyuta zao. Kabla sijagusa kitu huuliza kama fundi alivyoniuliza, kisha huandika katika karatasi kila kilichomo. Wengine huniona mzito. Na nikienda Rumonge siku ya Ijumaa hupita chini ya mwembe, nikakaa nyuma kabisa, nikasikiliza mpaka mstari wa bibi usomwe mara mbili.